Siku Nilipoigeuza Kwaya Kuwa Kijani

Naona haya kuisimulia hii, ila wale waliokuwapo siku ile bado wanaishi Dilala, mtaa wetu wa Kolwezi, na wakinikuta sokoni bado wananiuliza kama nina nguo za kufua, kwa hiyo afadhali mnisikie mimi mwenyewe kabla hawajawafikia na chumvi yao. Mimi ndiye niliyewavika waimbaji wote wa kanisa letu kijani, watu wazima, wake kwa waume, Jumapili asubuhi, mbele ya mji mzima. Tena nilionywa mapema, vizuri kabisa, kwa sauti ya upole, na hapo ndipo aibu yenyewe ilipo.

Mwaka ule kila kitu kilikuwa kinaanguka. Kampuni ya migodi iliyokuwa ikiilisha Kolwezi nzima (unga, shule, hospitali, hata balbu ya barazani) ilikuwa imeishiwa pumzi, mishahara haikuja, mabomba yakakauka, na juu ya hayo watu wenye asili ya Kasai, ambao baba zao waliletwa na kampuni hiyo hiyo kuja kuchimba, wakaambiwa hapa si kwao. Walitolewa majumbani wakakaa stesheni na magodoro na masufuria yao, wakingoja treni ambayo hakuna aliyejua itafika lini. Sisi ni Waluba wa kaskazini ya Katanga, kwa hiyo hatukuguswa, lakini nusu ya kwaya yetu ilikuwa inalala stesheni.

Mmoja wao alikuwa Mama Ngalula, mtunza kanzu. Kwaya yetu ilikuwa na kanzu nyeupe, nyeupe ya kuumiza macho, na kwa miaka mingi yeye ndiye aliyezifua, akazipiga pasi, akamkemea kila aliyethubutu kukaa chini akiwa amezivaa. Siku alipotolewa kwake aliacha kabati, akaacha kitanda, akapita kwetu na furushi la kanzu kichwani.

"Ngoie," akaniambia, "hizi ni za Bwana, haziko za Kasai. Utazichunga. Na kitu kama haujue, kuja uniulize. Niko pale stesheni, siendi popote."

Nikasema ndiyo mama. Moyoni nikasema, kufua nguo kuna nini cha kuuliza?

Niwaeleze kidogo huo moyo wangu wa siku zile. Mimi ni wa kwanza kwetu. Baba alipokufa niliacha shule, mama alipomfuata nikabaki na wadogo zangu wawili: Feza, binti wa shule mwenye mdomo, aliyeimba kwayani pamoja nami, na Banza, ambaye meno ya utoto yalikuwa bado yanamtoka. Niliuza makala kando ya barabara, tukala. Katika kazi hiyo nikajifundisha kwamba mkubwa haulizi na mkubwa hasahihishwi, na mtu akinionyesha hata namna ya kushika ufagio nilikuwa navimba siku nzima. Cha ajabu, kila Jumatano kwenye maombi ya akina mama mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kupiga magoti na kulia: Bwana, unirekebishe, Bwana, unionyeshe kosa langu! Nadhani nilitegemea aje mwenyewe, labda katika ndoto, tukae wawili, anieleze polepole bila jirani kusikia. Sikujua angemtuma Feza.

Wiki hiyo mambo mawili yalikutana. Kwanza, Mchungaji alitangaza kwamba Jumapili hatutasali kanisani: tutakwenda kwa miguu, kwaya mbele na kanzu zake, mpaka stesheni, tukasali pamoja na ndugu zetu kabla treni haijawachukua. (Kulikuwa na watu mjini ambao hawakulipenda jambo hilo, na Mchungaji alijua, na alitangaza hivyo hivyo.) Pili, mjomba Kasongo, ndugu wa mama, alifika kutoka Bukama. Hakuja kutusalimia. Alikuja kutugawa: Feza aende naye Bukama, Banza apelekwe kwa shangazi huko Kamina, na mimi nitafutiwe bwana. Wazee wa kanisa wakamsihi, wakamwambia huyu binti ni mtu mzima, hata kanzu za kwaya tumemwachia.

"Nitamuangalia mpaka siku ya Mungu, hii Jumapili," mjomba akawajibu. "Nikimuona ni mutu mukubwa, nitamuachia bale batoto. Nikimuona na yeye ni mutoto, basi. Mutoto hawezi kulea batoto."

Sasa mnaelewa kwamba zile hazikuwa kanzu tena. Zilikuwa Feza na Banza.

Jumamosi nikaamka nizifue. Maji ya bomba hakuna, na kisima cha Dilala kilikuwa kinatoa maji mekundu kama chai, kwa sababu ya udongo wetu. Nikayatazama maji yale, nikazitazama kanzu, nikakumbuka mfereji wa Musonoi, pale ambapo mashine inanyonya maji kutoka shimo la mgodi na kuyamwaga nje. Yale ndiyo maji! Unaona mpaka changarawe za chini, na yana kabuluu kidogo, kama macho ya mzungu. Nikamwambia Feza achukue bidoni, dumu letu la maji, tukachote.

"Yaya," Feza akasema (kwetu yaya ni dada mkubwa), "ile maji haiko ya kufulia. Mama Ngalula anaikatazaka. Iko na shaba ndani. Hata bachura habakalake mule."

"Unataka nifue kanzu ya Bwana pamoja na bachura?"

"Mi nasema tu, yaya. Twende tumuulize, stesheni haiko mbali."

Mjomba alikuwa amekaa kwenye kiti mlangoni anachokonoa meno, na niliona sikio lake limesimama. Kama angesikia nafundishwa kufua na mtoto ambaye mimi ndiye niliyemfundisha kuvaa viatu, basi Jumatatu Feza yuko Bukama. (Mnaiona akili hiyo? Mimi niliiona akili kubwa.) Nikapandisha sauti makusudi.

"Nani mukubwa mu hii nyumba?"

Feza akachukua bidoni. Mjomba akatikisa kichwa, nami nikadhani ananisifu.

Sabuni ilikataa kutoa povu. Mtu mwingine angesimama hapo. Mimi, muuza makala, nilikuwa na majivu tele, nikayaloweka, nikayachuja, nikamimina yale maji ya majivu ndani ya beseni ili yaisaidie sabuni, na beseni lote likageuka, likawa kama maziwa, maziwa ya buluu.

"Yaya, unaona?"

"Naona," nikamwambia. "Ni buluu ya bure."

Kwa wasiofua nguo nyeupe: nguo nyeupe ukimaliza kuifua unaisuuza kwa maji yenye buluu kidogo ya dukani, nayo inazidi kung'aa, na siku zile buluu ilikuwa imepotea madukani pamoja na vitu vingine vyote. Basi nikaona Mungu amenifungulia mlango. Nikazitumbukiza zote. Zote! Mwenye akili angejaribu na moja. Mimi nikaanza hata kuimba.

Nilizianika nikaenda barabarani kuuza makala, nikazianua jioni giza limeshaingia, umeme hakuna, na alfajiri nikazipiga pasi ya makala kwa mwanga wa kibatari, na kibatari hakijui rangi. Niliona kitu kimoja tu: mgongoni mwa kanzu yangu mwenyewe, pale pasi ilipokaa wakati namfungia Banza vifungo vya shati, palibaki alama nyeusi yenye umbo la pasi, na ncha yake na kisigino chake. Nikaikunja alama ikiwa ndani, nikafunga furushi.

Kile chumba cha kuvalia pale kanisani kina dirisha dogo kama la jela. Waimbaji wakavaa, wakaanza kutazamana. Tata Mwamba wa besi, mtu mnene mwenye adabu nyingi, akakohoa.

"Ngoie, mwanangu, mi naona kama hii kanzu... haiko vile ilikuwaka."

"Ni buluu, tata. Jua itaikausha. Mukitoka inje itakuwa nyeupe."

Nililisema hilo kwa uso mkavu, Mchungaji akisikia, na Mchungaji, aliyekuwa na mambo mazito zaidi ya kuwaza, akasema twendeni.

Tukatoka. Jua halikukausha kitu, jua lilituanika. Tulikuwa kijani! Kijani cha lile jiwe ambalo wachimbaji wanaliokota Musonoi, wengine kijani kizima, wengine mabaka mabaka kama ndizi iliyokataa kuiva. Watoto wa Dilala wakaacha michezo yao yote wakatufuata. "Kujeni muone binyonga bya Yesu!" Mzee mmoja muuza sigara akasimama, akavua kofia, akauliza kwa heshima kama chama kimerudi (enzi zile za chama kimoja, tulipolazimishwa kukichezea ngoma, kijani ndiyo ilikuwa rangi yake). Kisha likaja jasho. Jasho likashuka kwenye kola, rangi ikashuka nalo, Tata Mwamba akawa na mfereji wa kijani nyuma ya kila sikio, na wale dada wa sauti ya kwanza wakajifuta nyuso kwa mikono ya kanzu zao, na heri wasingejifuta. Nyuma yangu nikasikia kicheko cha aina nyingine kabisa, na mtoto mmoja akauliza, "Yaya, ulilalia pasi?" Ndipo nilipoukumbuka mgongo wangu.

Feza, aliyekuwa anaimba kando yangu, akanivuta mkono. "Yaya, tuvue. Tuko na nguo chini. Tutaimba bila kanzu, Mungu hatakasirika."

Hiyo ilikuwa nafasi ya pili ya kujiokoa, na ilikuwa rahisi: kusimama, kusema nimekosea, kuvua, kuendelea. Lakini mjomba alikuwa anatembea nyuma yetu, mikono mgongoni, na mimi nilikuwa nimeshasema ni buluu. Nikamwambia Feza, "Tembea."

Mpaka hapa chekeni, nami nitacheka nanyi.

Pale stesheni watu walikuwa wamekaa siku nyingi na hofu: hofu ya vijana waliowafukuza, hofu ya askari waliokuwa wanakuja kupekua mizigo yao. Na askari wanavaa rangi gani? Sasa watu hao wanainua macho wanaona, kutoka upande wa mjini, safu ya watu wa kijani inakuja, kwa hatua moja (kwaya yetu ilijivunia sana ile hatua moja). Mwanamke mmoja akapiga kelele, "Banakuja!" na stesheni nzima ikaanza kukimbia. Magodoro yakainuka, masufuria yakalia, baba mmoja akamrusha mtoto wake ndani ya behewa bovu na kumrukia juu amfunike, na sufuria ya bukari, ugali wa familia nzima wa siku hiyo, ikapinduliwa chini na miguu ya watu. Zile nyuso sijawahi kuzicheka.

Mchungaji akainua mikono. "Ni sisi! Ni kanisa! Kwaya, muimbe!"

Tukaimba. Kwa woga kila sauti ilianzia mahali pake, besi wakawa mbele ya wimbo na sisi nyuma, lakini wimbo wenyewe watu wa stesheni waliujua, walikuwa wameuimba nasi miaka yote, na watu wakaanza kusimama, kugeuka, kutazama. Ndipo sauti moja kali ikatoka nyuma ya rundo la magodoro.

"Ngoie! Ulifanya nini na kanzu zangu?"

Mama Ngalula akaja na mwiko mkononi. Akanizunguka polepole kama mtu anayenunua mbuzi. Alipofika mgongoni akaigusa ile alama kwa kidole, akaifuata ncha mpaka kisigino. Akarudi mbele, akaniangalia usoni, akamwangalia Tata Mwamba na mifereji yake, na kicheko kikamkamata mpaka akashika magoti.

"Bantu ya Mungu!" akawaita wenzake. "Kujeni! Tulikuwa tunakimbia basoprano!"

Wakacheka. Yule baba akatoka kwenye behewa na mtoto wake, akacheka huku machozi yanamtoka. Watu ambao hawakuwa wamecheka tangu walipotolewa majumbani wakamcheka mtu mmoja, mimi, na nilisimama pale nikachekwa. Mjomba alingoja wanyamaze. Kisha akauliza, na kila mtu akasikia:

"Nani alileta ile maji? Mi nilimuona Feza na bidoni. Ni Feza njo aliichota?"

Na ni kweli, Feza ndiye aliyeyachota. Mjomba alikuwa amenifungulia mlango bila kujua. Ningejibu "ndiyo" tu, ni mtoto, alikosea mfereji, na mimi ningebaki mtu mzima machoni pake, Feza na Banza wangebaki kwangu, na kosa lenyewe lingesahaulika kwa sababu nani anamkasirikia mtoto? Nikamwangalia Feza. Kanzu yake ilikuwa inamdondokea kijani juu ya viatu. Hakunishtaki, hakunitetea, alikuwa ananingoja tu. Nikaona kwamba nikimnunua kwa uongo huo, nitakayebaki naye nyumbani hatakuwa tena yule aliyenionya.

"Mujomba," nikasema, na sauti ilikuwa ndogo kama ya Banza, "Feza alinikataza. Alinikataza nyumbani, akanikataza na mu njia. Mama Ngalula naye alisemaka nikuje niulize. Ni mi nilikatala."

Msidhani niliona nuru. Niliona Bukama.

Mama Ngalula hakuniachia muda wa kulia. "Sawa. Sasa muvue, bote. Leteni malimau, shaba inaogopaka uchachu. Nani iko na munkoyo ya kuchacha?" Munkoyo ni kinywaji chetu cha mahindi, na akina mama wa stesheni walikuwa nao mtungi mzima uliochacha mpaka haunyweki. Malimau yalitoka hapa na pale, mawili kwa huyu, moja kwa yule, na yule mama ambaye bukari yake ilipinduka kwa sababu yangu ndiye aliyeleta mengi. Wakaniwekea beseni katikati ya watu. Nikapiga magoti, safari hii si ya Jumatano.

"Usisugue! Unasugua mwizi? Loweka."

"Ndiyo mama."

"Na sabuni ilikataa povu, haukujiuliza?"

"Hapana mama."

"Uliongeza nini?"

"Majivu, mama."

"Majivu!" Akawageukia watu. "Aliongeza na majivu!" Na stesheni nzima ikaguna kwa pamoja, kama vile nimekiri kuiba sadaka.

Nilisema ndiyo mama mpaka mdomo ukazoea, na katikati ya hizo ndiyo nikagundua kitu ambacho maombi yangu yote hayakuwa yamenipa: kumbe mtu anaweza kusahihishwa mbele ya watu na akaendelea kupumua. Masikio yanawaka, magoti yanauma, halafu unajua kitu ambacho asubuhi hukukijua. Feza akachuchumaa karibu yangu.

"Yaya, na mi niseme kitu?"

"Sema."

"Hiyo unalowesha upande moja tu. Geuza."

Nikageuza.

Kijani kikaanza kutoka, taratibu, kikibaki ndani ya ule munkoyo. Kanzu hazikurudi kuumiza macho, zilibaki na rangi ya maziwa yaliyodondokewa chai, na ile yangu, alama ya pasi haijatoka mpaka leo. Tukazitundika ubavuni mwa behewa, tukasali tukiwa na nguo zetu za nyumbani, waliofukuzwa na waliobaki tumechanganyika, shingo zetu za kijani zikitutambulisha. Mchungaji alisema alikuwa ameandaa mahubiri marefu juu ya unyenyekevu lakini anaona watu wameshayapata, akaomba, akakaa.

Baada ya ibada mjomba akaniita pembeni. Nilikwenda nimeshika mkono wa Banza, nimemshika kweli kweli.

"Mama yenu alikuwa vile," akasema. "Mutu ya kubisha. Hata akiwa mahututi alikuwa anabishana na munganga. Hakuna siku moja nilimusikia anasema nilikosa. Mi nilikuja na wazo yangu, na mu njia, nilipoona ile kijani, nilikuwa nimeshamaliza. Bukama." Akaniangalia mikono, ilikuwa bado ina mbegu za limau. "Lakini mutu anayeweza kusema vile mbele ya bantu bote, batoto habatapotea kwake. Babaki. Ila kufua, afue Feza."

Akarudi kwao peke yake. Wazee waliniachia kanzu, chini ya uangalizi wa Feza, jambo ambalo Feza hajaacha kulitaja. Na mimi niliapa, na kiapo hicho nimekishika: yeyote akiniambia "yaya, hapo siyo", hata akiwa Banza, naweka chini nilichoshika, namsikiliza mpaka mwisho, ndipo navimba kama bado nina hamu ya kuvimba. Kwenye maombi ya Jumatano siku hizi napunguza maneno, maana nimejua majibu yanakuja kwa njia gani.

Treni ilifika hatimaye. Tulikwenda wote kuwaaga. Mama Ngalula alikuwa mlangoni mwa behewa lililojaa mpaka juu, amebanwa kati ya magodoro, na mimi nilikuwa nimeandaa maneno mazuri ya kumshukuru, nimeyarudia njia nzima. Treni ikaanza kwenda. Nikakimbia kando yake, nikafungua mdomo, naye akainama nje akapaza sauti kupita ya mabehewa yote:

"Ngoie! Ile kitambaa ya kichwa umefunga mubaya! Nyuma kule, nywele inaonekana!"

Stesheni nzima ikageuka kunitazama. Nikasimama, nikafungua kitambaa, nikakifunga upya, nikageuza kichwa ili aone. Kwa mbali nikauona mkono wake unakataa: bado. Nikafungua tena. Nilikuwa bado nakifunga wakati behewa la mwisho lilipopinda kona.